Sura ya Saba: Kituo cha Mwisho, Uani kwa Nassibu

Wageni walikuwa watano, na wa sita alikuwa askari, ila hilo alilijua yeye mwenyewe.

Inspekta Benedicta alivaa raba, suruali ya jinsi na kofia pana ya jua aliyoiazima kwa binti wa dada yake. Alisimama nyuma ya kundi, pale anaposimama mtu asiyependa kuulizwa jina, akamsikiliza kijana aliyekuwa mbele.

"Karibuni Mikoroshini," alisema Khalfani. "Temeke ina mitaa mingi, ila mtaa wenye historia ni huu. Mikorosho yenyewe msiitafute, ilishakatwa yote. Stori ndizo zilizobaki."

Wageni wakacheka. Kijana alikuwa na sauti nzuri na fulana safi, na alijua kungoja kicheko kiishe kabla ya kuendelea. Benedicta alimtazama akajiuliza mtoto ambaye baba yake amepotea anapata wapi nguvu ya kuchekesha watu. Halafu akajikemea. Watu wanakula, hata waliofiwa wanakula, na kazi ni kazi.

Matembezi haya yalianzishwa na baba yake, Nassibu Kondo. Alizaliwa hapo Mikoroshini, akakulia hapo, na alipostaafu ukarani aliona hana kitu cha kuuza isipokuwa alichokijua. Akaanza kuwatembeza wageni kwa miguu: wazungu, wanafunzi wa chuo, hata watu wa Mbezi ambao Temeke waliijua kwa kuisikia redioni. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Albano, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Mwishoni mwa masika Nassibu akatoweka. Khalfani akaenda kuripoti. Albano akakamatwa, na tangu siku hiyo yuko mahabusu Segerea. Kila akipandishwa kizimbani wimbo ni ule ule, upelelezi haujakamilika.

Upelelezi huo ndio uliotua mezani kwa Benedicta wiki iliyopita, baada ya mpelelezi wa kwanza kuhamishwa. Faili lilikuwa jembamba la kutia aibu. Lilisema simu ya Nassibu ilikutwa nyumbani kwa Albano. Kweli ilikutwa, lakini ilikuwa simu ya kazi, ile waliyopokezana ili wageni wasikose mtu wa kupokea. Lilisema pia kwamba mashahidi watatu walimsikia Albano akimwambia Nassibu barazani, mchana kweupe: "Wewe nitakuzika mimi." Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana msibani na ni yeye anayeshika jembe la kaburi lako, na wote waliosikia siku hiyo walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Lakini kwenye karatasi utani hauchekeshi. Kwenye karatasi lilikuwa tishio la kuua.

Asubuhi ya leo, kabla hajatoka kituoni, Benedicta alimkuta Sesilia, mke wa Albano, ameketi kwenye benchi la nje na kikapu cha chakula miguuni.

"Afande, kuna jipya?"

"Bado, dada yangu."

"Jumatatu wanamrudisha mahakamani. Nimeambiwa safari hii hawaahirishi. Ushahidi uliopo unatosha, kesi inapelekwa juu, Mahakama Kuu." Alisema bila kulia, kama mtu anayesoma tangazo. "Ikishakwenda huko juu, nani tena atakuwa na haja ya kumtafuta Nassibu?"

Jibu walilijua wote wawili. Hakuna. Faili likishapanda linakuwa mali ya wengine, na Albano angekaa ndani miaka akisubiri zamu yake ya kusikilizwa.

Ndiyo maana alikuja kutembea. Hakuwa na mpango mwingine wowote.

Kituo cha kwanza kilikuwa ukumbi wa zamani wa dansi. Khalfani aliwasimulia jinsi watu walivyokuwa wakija kutoka Keko na Chang'ombe, wanaume na suti, wanawake na nywele za kuchoma kwa kitana cha moto, na jinsi bendi mbili zilivyokuwa zikipokezana mpaka alfajiri. Ndani mlikuwa na magodoro yaliyopangwa hadi kwenye dari. Mlinzi aliwaruhusu wachungulie mlangoni tu. Mgeni mmoja, mwalimu kutoka Dodoma, alitafuta jukwaa lilipokuwa, akaonyeshwa magodoro.

Kituo cha pili kilikuwa uwanja wa mpira. Nusu yake ilikuwa yadi ya magari yaliyotoka Japani, nusu ilikuwa vumbi. Khalfani alitaja majina ya wachezaji waliotoka pale wakafika timu ya taifa, akaonyesha kwa kidole goli lilipokuwa, sasa limeegeshwa basi dogo lisilo na namba. Benedicta aliona kwamba kila kituo kilikuwa maelezo ya kitu ambacho hakipo. Akahisi uchovu ambao haukutokana na jua.

Kituo cha tatu kilikuwa baraza ya kahawa ya Mzee Sadallah. Wageni walipewa vikombe vidogo na kashata, wakaanza kupigana picha. Benedicta alikaa upande wa birika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kahawa ikoje?"

"Nzuri."

"Muongo," alisema Sadallah bila kinyongo. "Zamani ndiyo ilikuwa nzuri. Nilikuwa natumia maji ya kisima cha Nassibu, pale uani kwake. Maji baridi, hayana chumvi. Siku hizi nanunua ya madumu, sijui yanatoka wapi."

"Kisima kimekauka?"

"Khalfani kasema kimeharibika. Nimetuma ndoo mara mbili ikarudi tupu, nikaacha. Nyumba yenye msiba haisumbuliwi." Akajirudi. "Si msiba. Nyumba yenye mtihani."

Benedicta alikunywa kidogo. "Matembezi yanaishia wapi, mzee?"

"Yalikuwaga yanaishia uani kwao. Mkewe Hamisa mwenyewe anapika, wali wa nazi na mchuzi wa papa, mgeni anasahau kwao. Sasa wanakulia barazani mbele, chakula kinatoka kwa jirani."

"Mama anaumwa?"

"Ndivyo wanavyosema. Tangu mumewe apotee hajavuka kizingiti, hata dukani. Na huyo ndiye mpambaji wa maharusi wetu, hakuna bibi harusi Mikoroshini aliyetoka bila hina ya Hamisa. Mke wangu kampelekea mjukuu wetu juzijuzi. Kamjibu dirishani, hashiki hina." Mzee alifuta mdomo wa birika kwa kitambaa. "Huyu mtoto anasimulia vizuri, sikatai. Ila baba yake alikuwa anasimulia kweli."

Benedicta alirudisha kikombe. Alikuwa ameziona picha za matembezi kwenye ukurasa wao wa Instagramu, nyingi sana, na kisima kilikuwamo: kingo za mawe, ndoo nyekundu, wageni wakinawa na kucheka. Alikuwa amezipita haraka kwa sababu alikuwa akitafuta uso wa Albano. Sasa alizifungua tena. Ya mwisho yenye kisima ilipigwa masika haya haya.

Alimpigia Sajenti Mudathir, aliyekuwa amekaa kwenye gari kona ya barabara kuu. "Sogea karibu na nyumba," alimwambia. "Usishuke mpaka nikuite."

Nyumba ya akina Kondo ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, mlango mkubwa mbele na uani nyuma, kama zilivyokuwa nyumba zote za mtaa ule kabla ya fremu za maduka. Khalfani aliwaketisha wageni kwenye baraza ya mbele, akaeleza jinsi babu yake alivyoijenga kwa miti ya mikoko na udongo, chumba baada ya chumba, na wapangaji waliopita humo, mabaharia, wapiga ngoma, mkunga mmoja aliyezalisha nusu ya mtaa. Alieleza kwa upendo. Hilo lilimsumbua Benedicta kuliko kama angeeleza kwa kubabaisha.

"Naomba kwenda msalani," alisema.

"Chetu kimejaa, sista. Jirani hapo atakusaidia."

"Basi nimsalimie mama. Nimesikia anaumwa. Siwezi kufika nyumba ya mtu nikaondoka bila kumjulia hali mgonjwa."

Khalfani aliwatupia jicho wageni. Mbele ya wageni hakukuwa na namna ya kumzuia mwanamke asimwone mwanamke mwenzake. Mpelelezi wa kwanza alikuwa mwanamume. Alichukua maelezo ya Bi Hamisa kwa nyuma ya pazia, akaandika kwamba shahidi alikuwa na huzuni nyingi, akaenda zake.

"Dakika mbili, sista. Hajisikii vizuri."

Ukumbi ulikuwa na giza la mchana. Mlango wa uani ulikuwa wazi mwishoni, na kutoka pale Benedicta aliliona duara la saruji mpya, jeupe bado, juu yake kimelazwa kinu. Hakusogea kulitazama. Alipiga hodi mlango wa kushoto, akaitikiwa.

Bi Hamisa alikuwa ameketi kwenye mkeka, nguo nyeupe tupu kuanzia kichwani. Ukutani zilining'inia picha za harusi, na katika kila picha yeye alikuwa pembeni ya bibi harusi, mikono imejaa maua ya hina hadi viwikoni, kipini cha dhahabu puani. Mwanamke wa kwenye mkeka hakuwa na kipini. Mikono yake ilikuwa mitupu. Chumba cha mpambaji hakikunukia udi wala asumini. Kilinukia vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. We mgeni wa Khalfani?"

"Nimekuja na wageni wake. Lakini mimi ni mpelelezi. Inspekta Benedicta. Faili la mumeo liko kwangu sasa."

Bi Hamisa hakushtuka. Alivuta nguo ikafunika vidole.

"Nilishasema yote kwa yule wa kwanza."

"Ulisema naye kwa nyuma ya pazia. Hakukuona." Benedicta aliketi chini, mbele yake, akavua kofia. "Mama, nikuulize. Mwanamke ambaye mumewe amepotea, anakaaje?"

"Anamsubiri."

"Anajipamba?"

"Akitaka."

"Anatoka? Anakwenda kumtafuta? Hospitali, kituoni, kwa ndugu?"

Bi Hamisa alinyoosha ukingo wa mkeka.

"Albano ana mke, anaitwa Sesilia. Kikapu kinampeleka Segerea, kikapu kinamrudisha. Anakuja kituoni kila siku kuuliza. Wewe hujaja hata mara moja kuuliza kama mumeo ameonekana."

"Mie naumwa, mwanangu."

"Nina jirani yangu Kipawa, anaitwa Bi Nusaiba. Mimi Mhaya, Mkatoliki, mambo yenu siyajui yote. Lakini alipofiwa na mumewe nilimwendea sokoni mimi mpaka eda yake ilipokwisha. Hakushika hina. Hakuchoma udi. Alivua kipini, hakuvuka kizingiti, na mwanamume wa pembeni hakumwona uso." Benedicta alishusha sauti. "Mume aliyepotea hakaliwi eda, mama. Mpaka kadhi aseme amekufa. Kadhi hajasema. Serikali haijasema. Wewe umeambiwa na nani?"

Mwanamke alitazama ukutani. Midomo yake ilikuwa ikisoma kitu bila sauti.

Nje barazani sauti za wageni zilisikika vizuri, dirisha lilikuwa linatazama huko. Mwalimu wa Dodoma alikuwa akiuliza kuhusu kisima. Alikuwa ameona picha mtandaoni, angependa kukiona.

"Hicho cha kwenye picha si chetu, teacher," alijibu Khalfani, sauti yake ikiwa ile ile nzuri. "Ni cha mtaa wa pili. Chetu kilifukiwa zamani sana, enzi za kipindupindu. Baba alikuwa mtoto mdogo. Hata maji yake hakuwahi kuyanywa."

Kumdanganya mgeni ni rahisi, mgeni hana wa kumuuliza. Lakini Khalfani alisahau nani mwingine alikuwa akisikiliza. Bi Hamisa aliinuka. Aliinuka kwa shida, akishika ukuta, akapita ukumbini mpaka nyuma ya pazia la mlango mkubwa, na Benedicta akamfuata bila kumgusa.

"Muongo!" alipiga kelele nyuma ya pazia. "Muongo we! Baba'ako kakuogesha kwa maji ya kisima kile siku uliyozaliwa! Asubuhi aliyokufa kayanywa, kikombe nimempa mie! Usimfutie maisha yake yote, Khalfani. Umemfukia, inatosha!"

Jirani aliyekuwa akileta sinia la wali alisimama nalo katikati ya njia.

"Samahanini, ndugu zangu," alisema Khalfani. "Mama anaumwa." Kisha akakaa chini kwenye ngazi, akaegemeza paji la uso kwenye magoti. Benedicta alitoa kichwa nje ya pazia, akamwita Mudathir kwa mkono. Kijana hakukimbia. Alipofungwa pingu aliuliza swali moja tu.

"Mama, si ulisema utanificha?"

"Nimekuficha," alijibu mama yake kutoka ndani. "Nimekuficha mpaka mtoto wa watu anaozea jela."

Wageni waliondoka wamejikusanya, bila kuagana. Benedicta alirudi chumbani, akawasha kinasa sauti cha simu, akamwonyesha Bi Hamisa kwamba kimewashwa. Mwanamke alikubali kwa kichwa. Aliongea akiwa ameinama, maneno machache, na yote yalikaa mahali pake.

Khalfani alitaka nyumba ivunjwe, zijengwe fremu. Mtaa mzima unajenga fremu. Baba alikataa, alisema nyumba ndiyo matembezi yenyewe, ikivunjwa atawaonyesha watu nini. Siku hiyo walishikana mashati pale kisimani. Yeye alikuwa jikoni, akasikia kishindo, akadhani ni ndoo. Alipotoka Nassibu alikuwa chini, kichwa kwenye kingo za mawe, hapumui.

"Kwa nini hamkuita watu?"

"Nilifungua mdomo niite. Akanipigia magoti. Mwanangu wa pekee, kanishika miguu, mama nifiche, nitanyongwa. We una mtoto?"

"Sina."

"Basi utaandika tu, hutoelewa." Hakusema kwa ubaya. "Kamtumbukiza yeye. Kifusi kaleta yeye. Mie nilikuwa humu ndani, nimeziba masikio. Kisha akaenda kwenu, akamtaja Albano. Hilo sikumtuma, lakini sikumkataza."

"Na eda, mama? Ungevaa hina, ungetoka nje ulie na wenzako, nisingejua lolote."

Kwa mara ya kwanza Bi Hamisa alimtazama usoni. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Nassibu hakuoshwa. Hakukafiniwa. Hakuswaliwa, nilimswalia mie peke yangu hapa, mlango nimeufunga, sijui hata kama imekubaliwa. Hana kaburi, hana hitima, hana mtu aliyemwambia buriani. Vyote hivyo nimemnyima kwa ajili ya mwanawe. Eda ndiyo pekee iliyokuwa mikononi mwangu. Ningemnyima na hiyo?"

Benedicta alizima kinasa sauti. Katika kazi yake alikuwa amezoea wahalifu wanaojisaliti kwa tamaa, kwa pombe, kwa wanawake. Huyu alikuwa amejisaliti kwa kutimiza wajibu, na ule wajibu ndio uliompeleka mwanawe kwenye pingu. Aliona huruma, na aliona pia kwamba huruma yake haina kazi yoyote pale. Bi Hamisa mwenyewe alikuwa ameficha kosa la kuua. Alipaswa kwenda naye.

"Itabidi tutoke, mama."

"Eda yangu haijaisha."

"Najua."

"Nipe shuka lile kubwa basi. Nisionekane."

Benedicta alilichukua kwenye kamba, akamfunika yeye mwenyewe, kichwa hadi miguu, akamshika mkono. Mtaa ulikuwa umekwishajaa. Mzee Sadallah alikuwa mbele, kofia mkononi, akitazama bila kuuliza. Watu walipisha njia. Hakuna aliyezomea. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti, kilio cha msiba chenyewe, kile ambacho mtaa ule ulikuwa umecheleweshewa tangu masika, na wengine wakakipokea nyumba kwa nyumba.

Mafundi wa kuvunja saruji waliitwa, askari wengine wakafika, na Mudathir akabaki kulinda uani. Benedicta alisubiri mpaka gari lenye mama na mwana liondoke, kila mmoja kiti chake, hawatazamani. Ndipo alipoitafuta namba ya Sesilia. Ilikuwa habari njema pekee aliyokuwa nayo siku nzima, na alitaka kuitoa mwenyewe.

"Sesilia, ni Benedicta hapa. Jumatatu hawampeleki juu. Tumempata aliyefanya. Albano atatoka, dada yangu, ni taratibu tu zimebaki."

"Asante Yesu. Asante Mama Maria." Sesilia alihema. "Nani, afande?"

"Khalfani."

"Khalfani? Kafanya nini Khalfani?"

Benedicta alidhani alikwishalisema lile neno. Faili zima lilikuwa la kuua, mashtaka yalikuwa ya kuua, miezi yote hii hakuna aliyezungumza na mwanamke huyu juu ya jambo jingine.

"Amemuua baba yake," alisema.



"Kwa hiyo Nassibu amekufa?" aliuliza Sesilia. Sauti ilikuwa imebadilika, ilikuwa ndogo. "Amekufa kweli?"

"Ndiyo, dada. Tangu siku ile."

"Sie tulijua yupo. Afande, sie tulikuwa tunamsubiri. Kila nikienda Albano ananiuliza, mwenzangu hajarudi? Anasema labda kaenda kwao Kisarawe, labda kachanganyikiwa, atarudi tu, na akirudi mie nitatoka tutaendelea na wageni wetu. Hajawahi kumlilia. Kumsubiri ndiko kunakomfanya ale." Sasa alikuwa akilia. "Chakula chenyewe anakula nusu, nusu anasema mpelekee Hamisa, asije kukaa na njaa mumewe hayupo."

Benedicta alisimama mbele ya nyumba ya vyumba sita, nyundo zikianza kugonga nyuma.

"Mie siwezi kumwambia," alisema Sesilia. "Nenda wewe, afande."